Kwanini wasanii weusi kwenye muvi za muziki za zamani za Hollywood wanaimba wimbo mmoja halafu hawaonekani tena?

Kibao_cha_Kale

Wakuu habari za muda huu. Mimi ni mpenzi mkubwa wa zile muvi za zamani za Hollywood za nyimbo, dansi na vichekesho, za miaka ya 30 mpaka 50 hivi, kina Fred Astaire, Judy Garland, Gene Kelly, Betty Grable na wenzao. Nazipenda kwelikweli, nikianza moja nalala saa nane. Ila kuna jambo linanikera na kadiri ninavyozitazama ndo linazidi.

Msanii mweusi anatokea, anaimba au anacheza kitu cha hatari kuliko chochote kwenye muvi nzima, wimbo ukiisha ndo basi, humuoni tena. Hana jina, hana mtu anayeongea naye, stori inaendelea kama hakuwahi kuwepo. Chukua Down Argentine Way ya 1940, wale ndugu wawili Fayard na Harold Nicholas wanaingia wanavunja ukumbi, mpaka Kihispania wanaimba, halafu haohao hawana nafasi yoyote kwenye hadithi. Kama sio hivyo basi ni mpishi, hausigeli au mbeba mizigo wa treni. Holiday Inn ya 1942, Louise Beavers ni mfanyakazi wa jikoni, na kwenye wimbo wa siku ya kumkumbuka Abraham Lincoln, Bing Crosby na mwenzake Marjorie Reynolds wamejipaka rangi nyeusi usoni, yaani wimbo wa kumsifu aliyetangaza uhuru wa watumwa unaimbwa na wazungu waliojipaka weusi wakati mweusi mwenyewe yuko jikoni na wanae!! Anapewa mistari michache tu.

Swali langu, hii ilitokea tu kwa sababu waandishi wa stori hawakujua wawatumieje au kuna mtu alikaa akaipanga? Na nyie mnaozipenda mnazitazamaje?

Chumba_cha_Montaji

Mkuu ilipangwa, na ilipangwa kibiashara kabisa. Mtazame muimbaji Lena Horne utaelewa mfumo mzima.

Lena alisaini na studio ya MGM mwaka 1942, mkataba wa miaka saba, na nyuma yake alikuwepo Walter White wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi Marekani, ambaye alikuwa anazibana studio ziache kuwapa weusi kazi za ujakazi tu. Baba yake Lena alienda mwenyewe ofisini kwa Louis B. Mayer, bosi wa MGM, akamwambia binti yangu akitaka mjakazi namwajiri, sioni sababu ya yeye kuja kuigiza ujakazi hapa. Wakakubali, hakuwekwa jikoni. Sasa wamfanyie nini? Wakampa wimbo. Thousands Cheer 1943 wimbo, Broadway Rhythm 1944 nyimbo mbili, Ziegfeld Follies 1946 wimbo. Gauni zuri, taa nzuri, mara nyingi kasimama kwenye nguzo, anaimba, picha inahamia kwingine. Yeye mwenyewe alikuja kuandika kwamba hakuwa mjakazi lakini pia hakuwa kitu kingine chochote, alikuwa kama kipepeo aliyebanwa kwa pini kwenye nguzo.

Sasa ukae kwenye meza ya montaji, pale vipande vya filamu vinapokatwa na kuungwa, ufikirie. Ukiwa na sini ambayo staa mkuu anaongea na huyo muimbaji, ukiikata stori inavunjika, watazamaji watashangaa huyu katokea wapi. Lakini sini ambayo pazia linafunguka, mtu anaimba dakika tatu, pazia linafungwa, hiyo unaing'oa na mkasi unaunganisha pande mbili na hakuna atakayejua. Ndo walivyofanya makusudi, kwa sababu majimbo ya kusini mwa Marekani yalikuwa na wenye kumbi na bodi za ukaguzi wa filamu ambazo hazikutaka kumuona mweusi amesimama kwa heshima kwenye skrini. Memphis kulikuwa na bwana anaitwa Lloyd Binford, alikuwa kwenye bodi ya ukaguzi wa filamu ya mji ule tangu 1928 mpaka 1955, huyo ndo alikuwa balaa. Mwaka 1947 alizuia muvi nzima ya watoto inaitwa Curley kwa sababu tu watoto weusi na weupe wamekaa darasa moja. Sasa fikiria mtu kama huyo akutane na Lena.

Kwahiyo sio kwamba mwandishi alikosa la kuandika, mwandishi alikuwa anaandika huku anajua kipande hiki lazima king'oke bila kuacha kidonda.

Hoja_Mezani

Naheshimu mchango wa mkuu hapo juu ila mi naona tunawahukumu watu wa 1940 kwa macho ya leo. Studio zilikuwa biashara, zinauza tiketi nchi nzima, kusini wana sheria zao za ubaguzi, MGM ingefanyaje? Na hizohizo studio ndo zilizowapa hawa wasanii jukwaa, bila Fox na MGM leo tusingekuwa na Nicholas Brothers kwenye filamu, tungekuwa tunasoma habari zao tu. Mwaka 1943 peke yake zilitoka mbili zenye waigizaji weusi watupu, Cabin in the Sky ya MGM na Stormy Weather ya Fox, ndani kuna Ethel Waters, Louis Armstrong, Duke Ellington, Cab Calloway, Fats Waller, Bill Robinson. Zile hela zilitoka wapi? Tuwape haki yao jamani.

BintiKinanda

@Hoja_Mezani kaka yangu hiyo hoja ya "macho ya leo" naisikia kila mara na naipinga kwa roho moja, kwa sababu watu wa wakati uleule waliona na walisema, na wengine walilipia kwa kazi zao. Macho ya 1943 yalikuwepo, ni ya weusi wenyewe.

Hazel Scott. Mpiga piano, kazaliwa Trinidad 1920, kakulia New York, akiwa Hollywood mkataba wake ulikuwa unasema anaonekana kama yeye mwenyewe, haigizi ujakazi. Wakiwa wanatengeneza The Heat's On ya 1943 kwenye studio ya Columbia, kuna kipande cha wanawake weusi wanawaaga waume zao wanajeshi wanaoenda vitani, na waliohusika na mavazi wakawavalisha wale kina dada aprons zilizochafuliwa. Yeye Hazel hakuvalishwa hiyo nguo chafu, yake ilikuwa safi, angeweza kunyamaza akapiga piano yake akachukua hela. Akagoma. Akasema hakuna mwanamke anayeenda kumuaga mume wake anayekwenda vitani akiwa amevaa nguo chafu. Kazi ikasimama siku tatu, hela zinaungua, mwisho wakazitoa zile aprons. Mkuu wa studio Harry Cohn hakumsamehe, na baada ya Rhapsody in Blue ya 1945 safari yake ya Hollywood ikawa ndo imeishia hapo.

Na kabla yake kuna Etta Moten, kwenye Gold Diggers of 1933. Wimbo wa mwisho kabisa, ule wa wanajeshi waliopigana Vita vya Kwanza halafu wakaachwa barabarani bila kazi, kuna mwanamke mweusi amekaa dirishani anaimba, ni mjane wa vita. Sio mpishi sio yaya, ni mwananchi wa Marekani ambaye mume wake hakurudi. Ni sekunde chache tu ila nikimuona pale dirishani moyo unanienda mbio, maana 1933 ilionekana inawezekana kabisa! Mwaka uliofuata akaimba Ikulu ya Marekani kwa Roosevelt. Kwahiyo tusiseme hawakujua jinsi ya kufanya, walijua, na walipofanya watu hawakufa.

Kuhusu jukwaa, sawa, walipewa. Ila Stormy Weather na Cabin in the Sky zenyewe angalia vizuri, hamna mzungu ndani anayelazimika kuzungumza na mweusi kama mtu sawa naye. Utengano umetoka kwenye wimbo mmoja umekuwa wa muvi nzima.

Hoja_Mezani

Dada nimekusoma, hiyo ya Hazel Scott imenigusa na sina la kuibishia. Ila bado nasimama kwenye moja, hata weusi wenyewe hawakuwa na msimamo mmoja. Lena alipokuja na mkataba wake wa kutoigiza ujakazi waigizaji weusi waliokuwepo Hollywood walikasirika, waliona NAACP na huyu binti kutoka New York wanataka kuwakatia mkate, maana hizo kazi za ujakazi ndo zilikuwa zinawalisha. Tusiwafanye hao waliokubali kuwa wasaliti.

BintiKinanda

Hapo nakubaliana na wewe asilimia zote. Na kuna jambo zuri ndani ya hiyo habari, aliyemwita Lena nyumbani kwake akaongea naye kwa upendo wakati wengine wamemnunia alikuwa Hattie McDaniel, yuleyule aliyepata Oscar mwaka 1940 kwa kuigiza yaya, na usiku wa tuzo akakalishwa meza ya pembeni mbali na waigizaji wenzake. Hattie alikuwa anajua vizuri kabisa anachofanyiwa. Mimi siwalaumu kina Hattie na Louise Beavers hata kidogo, mlaumu aliyeandika jukumu la aina moja halafu akawaambia mgombanie.

Nazi_Mbivu

Wadau msiwasahau walatino. Carmen Miranda mnamzungumziaje? Yule si alikuwa staa kamili, ana mistari, anachekesha, jina lake linauza tiketi. Au naye ni walewale?

Chumba_cha_Montaji

@Nazi_Mbivu swali zuri mno, na jibu liko kwenye hiyohiyo Down Argentine Way aliyoitaja mleta mada. Carmen ndani ya ile muvi anaigiza kama yeye mwenyewe, anaimba klabuni. Hana sini na Betty Grable wala Don Ameche, kwa sababu vipande vyake vilipigwa New York alikokuwa anafanya shoo, halafu vikapachikwa kwenye muvi iliyopigwa Hollywood. Ni mtindo uleule wa kipande kinachojitegemea. Na Muargentina mkuu kwenye stori ni Don Ameche, mmarekani mwenye asili ya Italia, na mbrazili ndo anaimba kwenye muvi ya habari za Argentina. Kwa Fox kule kusini kwote kulikuwa kumoja tu.

Tofauti ni kwamba Carmen alivuka. Muvi zilizofuata akapewa jina, mistari, mpaka wivu wa mapenzi, kwa sababu Marekani wakati ule ilikuwa inatafuta urafiki na Amerika ya Kusini, sera ya Roosevelt ya ujirani mwema, soko la Ulaya limefungwa na vita, kwahiyo kulikuwa na faida ya kumuweka mlatino mbele. Ila wakamuweka kwenye boksi, Kiingereza cha kuvunjavunja na matunda kichwani. Wakati anaongea Kiingereza kizuri kuliko kile, kile cha kwenye muvi kilikuwa kazi. Na nyumbani iliuma, alivyorudi Rio 1940 akafanya shoo Cassino da Urca, watu wakamnyamazia, wakaona kawa mmarekani. Akawajibu kwa kurekodi wimbo unaosema wanadai nimerudi nimekuwa mmarekani. Alikufa 1955 akiwa na miaka 46 tu, na mpaka leo ukitaja jina lake watu wanakumbuka ndizi kabla ya sauti, mimi hiyo inaniuma sana kwa sababu sauti yake ilikuwa na kasi na utamu ambao huwezi kuuiga.

Pwani_Reels

Naongezea la Show Boat, ule mchezo wa nyimbo wa Jerome Kern, maana hilo ndo linaonyesha mkono wa sheria waziwazi.

Hollywood walikuwa na kanuni yao ya maadili, iliandikwa 1930 ikaanza kubana kikwelikweli 1934 chini ya Joseph Breen, na ikadumu mpaka 1968. Ndani yake imeandikwa kabisa kwamba mapenzi kati ya mweusi na mweupe ni marufuku kuonyeshwa. Sasa Show Boat ina mhusika anaitwa Julie, muimbaji wa melini, mama mchanganyiko anayeonekana mweupe na ameolewa na mzungu, ikigundulika wanafukuzwa. Mwaka 1946 MGM wakatoa Till the Clouds Roll By, maisha ya mtunzi Jerome Kern, mwanzoni kuna kipande kifupi cha Show Boat na anayeigiza Julie ni Lena Horne. Anafaa mpaka basi. Ikaja Show Boat nzima ya MGM mwaka 1951, wakampa Ava Gardner. Maana ukimuweka Lena hapo inabidi mume wake awe mzungu anayembusu, na hilo haliwezekani.

Halafu inazidi. MGM ilikuwa na poda ya Max Factor iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi ya Lena, ikaitwa Light Egyptian, na Lena alikuwa anasimulia kwamba poda hiyohiyo ndo wakaja kuwapaka waigizaji wazungu waliopewa nafasi ambazo yeye angezicheza. Ava na Lena walikuwa marafiki tena, hawakuwa na ugomvi. Na Ava hata sauti yake hawakuitaka, aliimba mwenyewe ila kwenye muvi wakaweka sauti ya Annette Warren. Kwahiyo Julie unayemuona 1951 ana uso wa mtu mmoja, sauti ya mwingine na rangi iliyotengenezwa kwa wa tatu.

Mambo haya ya kupaka rangi hayakuishia hapo, West Side Story ya 1961 Rita Moreno alisema wote walioigiza wapuerto rico walipakwa rangi moja ya kahawia, hata yeye ambaye kazaliwa Puerto Rico walimuongezea. Cha kushangaza ukitazama Singin' in the Rain ya 1952 Rita yumo, anaigiza staa mdogo anaitwa Zelda Zanders, haina lolote la ulatino, ni msichana wa Hollywood tu. Waliweza kumuona hivyo mara moja, baadae hawakuweza tena kwa miaka mingi.

Kibao_cha_Kale

Aisee mmenifungua, sikutegemea uzi utafika huku. Niulize lingine linalonisumbua zaidi. Astaire. Mimi Astaire ni kila kitu kwangu, na kile kipande cha Swing Time ya 1936 anachojipaka weusi kwa ajili ya kumuenzi mcheza dansi mweusi Bill Robinson, chenye vile vivuli vitatu ukutani vinavyomfuata halafu vinachoka vinamuacha, kiufundi ni moja ya vitu bora vilivyowahi kupigwa. Nakitazamaje hiki?

Na kuna aliyeitazama Flower Drum Song? Naambiwa ni ya waasia watupu.

BintiKinanda

Mi nakitazama na vyote viwili viko palepale, ustadi uko na rangi iko, sijilazimishi kuchagua. Nilichofanya ni kuwatafuta waliotajwa. Bill Robinson mwenyewe alikuwa hai, yuko Hollywood anafanya kazi, mwaka mmoja kabla ya Swing Time alikuwa anapanda na kushuka ngazi na Shirley Temple kwenye The Little Colonel. Mtu mweusi na mtoto mzungu wanacheza pamoja, jambo ambalo Hollywood haikuwa imelionyesha, na kusini wakakata wanaposhikana mikono. Mtoto wa miaka sita! Na ukiangalia miguu ya Astaire kwenye ile Swing Time, wajuzi wa dansi wanasema ile staili ni ya John Bubbles, mcheza dansi mwingine mweusi, kuliko ya Robinson, Robinson anacheza juu kwenye vidole, Bubbles anashusha visigino. Bubbles huyo utamuona Cabin in the Sky, mtazame anavyocheza, utajua nani alikuwa anaigwa.

Na Astaire huyohuyo 1953 kwenye The Band Wagon anacheza na mpiga kiwi viatu, LeRoy Daniels, ambaye alikuwa mpiga kiwi kweli Los Angeles. Wanacheza pamoja, brashi zinagonga kwenye kiatu, Astaire anamuachia nafasi na unaona kabisa anamfurahia. Lakini mmoja amekaa kwenye kiti na mwingine amepiga magoti chini. Hiyo miaka 17 baada ya Swing Time.

Pwani_Reels

Flower Drum Song nimeitazama, ya 1961, Nancy Kwan, James Shigeta, Miyoshi Umeki, Jack Soo. Mi naipenda sana na nasema hivyo bila kupepesa. Ina mambo yake, wajapani wanaigiza wachina, na shangazi anaigizwa na Juanita Hall ambaye ni mmarekani mweusi, na baadhi ya vichekesho vinategemea mchina awe kituko. Ila kuna kijana wa kiasia anapendwa, anachanganyikiwa, anaimba, anagombaniwa na wanawake watatu, na hakuna mzungu anayekuja kutatua. Studio kubwa za Marekani zilikaa zaidi ya miaka 30 mpaka 1993 ndo ikaja nyingine iliyojaa waasia wamarekani namna hiyo. Kwahiyo kabla hujaiponda kumbuka ilikaa peke yake muda gani.

Hoja_Mezani

Mleta mada mi nakushauri uanzie Stormy Weather, utengano tumeshaujadili ila usiukose ule mwisho. Cab Calloway anaimba, Nicholas Brothers wanainuka kutoka kwenye viti vya watazamaji, wanaruka juu ya meza, wanakanyaga vile visanduku vya wanamuziki kimoja baada ya kingine bila kukosea, wanapanda juu ya piano, halafu zile ngazi nyeupe kubwa. Mmoja anaruka juu ya kichwa cha mwenzake anatua ngazi ya chini amepiga msamba, wa nyuma anamruka huyo naye anatua msamba, hivyohivyo mpaka chini, na wananyanyuka bila kushika chini kwa mikono!! Fayard alisimulia kwamba walipiga mara moja tu bila mazoezi ya kamera. Astaire aliwaambia ndo kipande bora cha muziki alichowahi kuona kwenye filamu.

Chumba_cha_Montaji

Halafu baada ya hiyo weka The Pirate ya 1948. Gene Kelly aliwataka hao ndugu wawili wacheze naye, sio kabla yake wala baada yake, pamoja naye, wote watatu mstari mmoja, hatua moja, wanabebana na kurushana. Ni muvi ya kwanza wanacheza na staa mzungu namna hiyo, na kumbi kadhaa za kusini zilikikata hicho kipande. Sasa angalia ilivyopangwa, wimbo wenyewe Kelly anaurudia mwishoni na Judy Garland, kwahiyo aliyekata hakupoteza wimbo wala stori, alipoteza weusi wawili tu. Kina Nicholas wakaenda zao Ulaya kufanya shoo miaka iliyofuata, Harold akakaa Paris muda mrefu. Wewe tafuta kopi kamili, zote zinazouzwa sasa hivi kipande kimo.